Uzi: Kufuga kamba wadogo wa maji baridi kwenye tangi la mimea sebuleni (joto la Dar, maji ya kisima na dawa ya mbu)

Kisima Kirefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu ndani tumeshazungumza sana kuhusu sato wa bwawani na kambale, ila sijaona uzi wa kamba wa kufuga kwa mapambo. Nina mwaka wa pili sasa nao, hapa Dar. Nilipoteza wengi mwanzoni kwa sababu maelezo yote niliyokuwa nayo yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, wanaohangaika kupasha maji moto. Sisi shida yetu ni nyingine kabisa. Naweka hapa nilichojifunza, na mwenye uzoefu aongezee.

Kamba ninaowasema ni wale wekundu wadogo, mkubwa wao hafiki sentimita 4. Jina lao la kitaalamu ni Neocaridina davidi, na asili yao ni mito na vijito vya China na Taiwan. Wa porini wana rangi ya udongo, karibu huwaoni. Wekundu, wa njano, wa bluu, wote wametokana na wafugaji kuchagua kizazi baada ya kizazi. Hawa ndio wa kuanzia. Wapo wengine wa mistari myeupe na myekundu wa jamii ya Caridina, wazuri mno, lakini wanataka maji laini yenye uchachu kidogo na ubaridi wa nyuzi 20 hadi 23. Kwa sebule ya Dar isiyo na kiyoyozi, waache.

Tangi langu alinitengenezea fundi wa vioo na alumini wa mtaani. Vipimo ni urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30, yaani lita 40 na kitu likijaa. Kioo cha milimita 5 kinatosha. Jambo la kumsisitiza fundi ni silikoni: iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni na jikoni nyingi zimetiwa hiyo dawa, na viumbe wa majini haiwafai. Aliponikabidhi niliacha wiki nzima hadi ile harufu ya siki ikaisha, ndipo nikajaza maji, nikamwaga, nikajaza tena.

Chini niliweka mchanga wa mto, si wa baharini. Niliuosha kwenye ndoo hadi mkono ukaonekana ndani ya maji. Usiharakishe hapo, mimi nilibadilisha maji karibu mara 20. Mawe yoyote unayotaka kuweka, yadondoshee siki kwanza. Yakitoa povu yana chokaa, yatapandisha ugumu wa maji polepole.

Mimea: nina anubia (huu ni mmea wa Afrika, asili yake misitu ya magharibi na kati), nina mosi ya Java, ile inayofanana na manyoya ya kijani, na majani machache yanayoelea juu. Anubia usiuzike shina lake mchangani, litaoza. Ufunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Mosi ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu watoto wa kamba wanaishi humo.

Filta ni ya sponji inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Basi. Filta za kunyonya kwa nguvu zinameza watoto.

Halafu subiri. Najua hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tangi likijazwa leo, kamba wasiingie kesho wala wiki ijayo. Uchafu wa chakula na majani yanayooza unazaa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea inaila na haidhuru kirahisi. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujaa kwenye sponji na mchanga. Unawalisha kwa kutupia punje kidogo za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili tatu, tangi likiwa tupu. Mimi nilisubiri wiki 7, na hiyo wiki ya ziada ilinisaidia, maana vioo vilishashika utando ule mwembamba wa kuteleza. Huo utando ndio chakula chao hasa. Kamba aliyeingia kwenye tangi lenye utando hakai kimya hata dakika moja, vimikono vyake vinachuma na kupeleka mdomoni bila kupumzika, kama mtu anayechambua mchele.

Nitaendelea na joto na maji. Kwa sasa karibuni.

---

Kijana wa Sinza

Mkuu, samahani kwa swali la mtu mgeni. Hao si ndio uduvi wanaouzwa sokoni wakiwa wakavu? Siwezi kuwachukua wazima pwani nikawaweka?

---

Kisima Kirefu

Hapana ndugu yangu. Uduvi wa sokoni wanatoka baharini, maji baridi yatawaua. Na hata ukiwawekea maji ya chumvi, hilo ni tangi la aina nyingine kabisa. Hawa ninaowasema wanazaliana moja kwa moja kwenye maji baridi, na mtoto anatoka yaiani akiwa tayari kamba kamili, mdogo kama nukta. Ndiyo sababu wanafugika kirahisi.

Wapo kamba wengine wa Kijapani, Caridina multidentata, wanaojulikana kwa jina la Amano, kwa sababu ya Takashi Amano, mpiga picha na mtunza matangi ya mimea aliyefariki mwaka 2015. Yeye ndiye aliyewapa sifa kwa kula mwani tangini. Hao wanaishi kwenye maji baridi, ila watoto wao wanahitaji maji yenye chumvi ili wakue. Kwa hiyo ukiwanunua, furahia kazi yao ya usafi, usitegemee uzao.

---

Nyegezi

Mleta uzi umenigusa. Mimi niko Mwanza, na niongeze kuwa sisi tuna kamba wetu. Ziwani humu kuna Caridina nilotica, kadogo, hakana rangi, ukikashika kwenye mwanga unaona hadi tumbo. Sangara walipowapunguza sana furu, wale samaki wadogo wa ziwani, hawa kamba waliongezeka sana na wakawa chakula kikubwa cha sangara wachanga. Niliwahi kuweka wachache kwenye ndoo ya kioo wakaishi miezi kadhaa, ila hawana uvumilivu wa wale wekundu.

Lakini nilichokuja kusema ni hiki, tafadhali kisomwe: msichume mimea ziwani na madimbwini kwa mikono mitupu. Nimeona watu wengi wanashauriana "nenda tu bwawani kuna majani ya bure". Konokono wa kichocho wanakaa kwenye majani hayo hayo. Yule bapa aliyejikunja kama sarafu, Biomphalaria, anabeba kichocho cha tumbo. Bulinus anabeba cha kibofu. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na vinaweza kuwa hai majini hadi siku mbili. Ukileta konokono mwenye maambukizi ukamweka kwenye tangi, halafu kila wiki unaingiza mkono kusafisha, unajua mwenyewe.

Na bado kuna watoto wa kereng'ende. Wanajificha kwenye majani wakiwa wadogo, mtu hawaoni, kisha wanakua wakila kamba mmoja mmoja usiku. Rafiki yangu alikuwa anahesabu kamba wanapungua bila maiti hata moja. Mwishowe akakuta mmoja wa kereng'ende, mnene, nyuma ya sponji.

Pateni mimea kwa mtu anayeifuga tangini. Ni vipande vidogo tu, itaongezeka.

---

Kisima Kirefu

Asante sana Nyegezi. Hili la kichocho sikuliandika na ni kosa langu. Nakuunga mkono asilimia mia.

---

Mama Wawili

Hamjambo. Naomba msaada, nimeumia sana. Nilifuata hatua zote, nilisubiri mwezi mzima, nikaweka kamba 12. Wamekaa wiki tatu wazima kabisa, jike mmoja tayari alikuwa na mayai. Juzi usiku walikuwa wanakula, jana asubuhi nimewakuta wote chali. Wote. Wengine walikuwa bado wanatikisa miguu. Samaki wadogo wawili walio kwenye chombo jirani hawana shida yoyote. Maji nilipima amonia, hakuna. Binti yangu amelia hadi amechelewa shule. Nimekosea wapi?

---

Kisima Kirefu

Pole sana dada. Kabla sijasema lolote, niambie: usiku huo mlipuliza dawa ya mbu?

---

Mama Wawili

Ndiyo kaka, tulipuliza sebuleni saa kumi na mbili jioni kama kawaida tukafunga milango. Lakini tangi lina mfuniko wa kioo.

---

Kisima Kirefu

Basi ndiyo hiyo. Na mimi nilipoteza kundi langu la kwanza hivyo hivyo, kamba 20, kwa hiyo naomba niliandike kwa kirefu, maana naamini kwa nyumba zetu hili linaua kamba kuliko amonia, joto na maji magumu vikijumlishwa.

Dawa nyingi za kupuliza mbu na mende zina viambato vya jamii ya pairethroidi: permethrini, saipamethrini, deltamethrini na ndugu zao. Mwili wa binadamu unavivunja haraka, ndiyo maana tunaruhusiwa kulala humo baada ya muda. Mdudu hawezi. Na kamba, ukimwangalia vizuri, ni ndugu wa mdudu: ganda la nje, miguu ya vipingili, mishipa ya fahamu inayofanana. Kiasi kidogo sana kinamtosha. Hata samaki dawa hizo zinawadhuru, ila kamba ndiye anayeanza kufa.

Mfuniko haukusaidia kwa sababu ya pampu ya hewa. Fikiria: pampu iko nje ya tangi, inavuta hewa ya sebule ile ile iliyopulizwa, inaisukuma ndani ya maji kama mapovu, usiku kucha. Tangi linakuwa linasafisha hewa ya chumba na kubaki na sumu. Mimi nilipogundua hilo nilikaa nikaitazama ile pampu muda mrefu.

Dalili zake utazijua: kwanza wanaogelea ovyo kwa kasi wakigonga vioo, kisha wanapinduka, wanalala ubavu wakitikisa viguu, wanakufa polepole. Ukiona hivyo, zima pampu, badilisha maji mengi kwa maji safi yenye joto lile lile, na kama una mkaa ulioamilishwa wa filta, uweke. Baadhi wanaweza kupona.

Nifanyavyo sasa: tangi nimelihamishia chumba ambacho hakipulizwi kabisa. Kama huna chumba hicho, siku ya kupuliza zima pampu, funika tangi lote kwa plastiki na taulo lenye maji juu yake, kisha fungua madirisha vizuri kabla ya kuwasha tena. Kamba 12 kwenye tangi lenye mimea watakaa saa kadhaa bila pampu, hawana neno. Dawa ya kuchoma ya mzunguko nayo ni jamii ile ile, usiiwashe karibu. Na chandarua chenye dawa: ukikifunga au kukifungua, osha mikono kwa sabuni, suuza sana, ndipo uguse tangi. Naomba nieleweke, sisemi mtu aache chandarua. Malaria inaua watoto. Chandarua kibaki kitandani, tangi ndilo litafutiwe pahali pengine.

Jambo la pili la aina hiyo ni mboga. Watu wanapenda kuwapa mchicha. Mchicha wa sokoni huujui ulipuliziwa nini juzi. Mimi nawapa wa kwenye ndoo yangu mwenyewe ninaoupanda barazani, nauchemsha dakika moja au mbili, naweka jani moja, baada ya saa tatu nne natoa lililobaki.

Dada, usivunjike moyo. Osha sponji kwa maji ya tangi, mwaga maji yote, weka mapya, rudia mara kadhaa kwa wiki mbili. Kisha jaribu na kamba wawili kwanza.

---

Mama Wawili

Asante sana kaka. Ile habari ya pampu sikuwahi kuiwaza hata siku moja. Nitamweleza binti.

---

Mkaazi wa Kasarani

Habari zenu kutoka Nairobi. Huku joto si tatizo, tangi langu hukaa nyuzi 20 au 21, mwezi wa Julai hushuka hata 18, na kamba wanaendelea tu ingawa kuzaa hupungua. Shida yetu ni kinyume chenu. Maji ya bomba mengi hapa hutoka bwawa la Ndakaini, kwenye vilima vya Aberdare, na ni laini mno. Kamba wangu walikuwa wakifa wakati wa kujivua ganda. Ungeona mstari mweupe unazunguka shingoni, ganda limepasuka duara zima badala ya kufunguka mgongoni, na kamba anashindwa kutoka.

Kamba hukua kwa kujivua, na ganda jipya huhitaji kalisi na magnesi kutoka majini. Nilipoweka kipande cha mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi ambao watu wa Mombasa huokota ufukweni, vifo vilipungua sana. Nilinunua kwenye duka la vifaa vya ndege. Uchemshe kwanza ili uzame. Tena ganda walilojivua msilitoe, hulila wenyewe kurudisha madini.

---

Kisima Kirefu

Ndugu wa Kasarani, umenifikisha kwenye maji. Kisima changu kinasoma TDS (kipimo cha vitu vyote vilivyoyeyuka majini) 1,340, ni maji ya chumvi kama visima vingi vya pwani. Kamba hawa wanapenda kati ya 150 na 300. Kwa hiyo nachanganya: sehemu moja kisima, sehemu nne maji ya mvua. Hesabu inatoa kama 270 na kidogo.

---

Mtu wa Raskazone

Kaka, hapo nitakupinga kwa heshima. TDS inakwambia vilivyoyeyuka vina wingi gani, haikwambii ni vitu gani. Kisima cha pwani kinachopanda namba kwa sababu ya chumvi ya bahari kinaweza kusoma 270 ukishachanganya, lakini sehemu kubwa ya hiyo 270 ni chumvi ya kawaida, kalisi ikawa kidogo. Kamba hajengi ganda kwa chumvi. Pima ugumu wenyewe, GH, kwa vile vidonge au matone. Ukipata 6 hadi 8 uko salama. Na KH, ile kinga ya maji dhidi ya uchachu, walau 2 au 3 ili pH, yaani kiwango cha uchachu, isiyumbe.

Mimi Tanga natumia maji ya mvua matupu, naongezea mfupa wa dome na kijiwe cha chokaa. Mvua ya kwanza ya msimu siikingi, inaosha vumbi na mavi ya ndege kwenye bati. Ya tatu kuendelea ndiyo nakinga.

Halafu ngojeni niwape siri ya pwani. Ule mkungu wa uani, unaotoa kungu wanazogombea watoto, majani yake makavu ndiyo hayo hayo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanayonunua kwa jina la katapa, yamefungwa kwenye pakiti safi. Terminalia catappa. Sisi tunayafagia kila asubuhi na kuyachoma! Okota lililoanguka lenyewe, la kahawia, kavu kabisa, mbali na barabara na mahali panapopulizwa dawa. Lioshe, limwagie maji ya moto ili lizame. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu. Baada ya wiki mbili tatu jani linalainika, kamba wanalipanda juu na kulila nyama yote, wanaacha mishipa tu, kama wavu wa utando wa buibui. Watoto wanalipenda kuliko chakula chochote cha dukani.

---

Kisima Kirefu

Kaka Raskazone, nimepima leo baada ya kukusoma. Mchanganyiko wangu TDS 274, GH ni 3 tu. Uko sahihi na mimi nilikosea. Sasa naelewa kwa nini nilikuwa napoteza mmoja mmoja wakati wa kujivua. Nahamia maji ya mvua na dome, ila kidogo kidogo, asilimia 10 kwa wiki, maana mabadiliko ya ghafla nayo huwalazimisha kujivua kabla ya wakati.

Namalizia la joto nililoahidi. Mwezi wa Februari tangi langu lilifika nyuzi 31. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu hivi, na huku kamba anahitaji hewa zaidi kwa kuwa mwili unakwenda mbio. Nilichofanya ni kuondoa mfuniko, kuweka wavu, na kuelekeza feni ndogo ya kompyuta juu ya maji. Inashusha nyuzi 2 hadi 4 kwa kukausha maji tu. Yanayopungua rudishia kwa maji ya mvua matupu, kwa sababu kinachopaa ni maji, madini yote yanabaki. Ukirudishia kwa maji magumu, ugumu utapanda wiki hadi wiki.

Umeme ukikatika usiku, punguza tu chakula siku hiyo.

---

Kijana wa Sinza

Wakuu nimeshaagiza tangi kwa fundi, 45 kwa 30 kama la mleta uzi. Maswali mawili: naweza kuchanganya wekundu na wa bluu? Na siku ya kuwaingiza, namwaga tu mfuko ndani?

---

Nyegezi

Wakichanganyika watazaana, na baada ya vizazi vichache watoto wanarudi rangi ya udongo ya babu zao. Chagua moja. Ukichoka nao usiwamwage mtoni wala ziwani, ndugu. Kuna mito Ujerumani yenye maji ya vuguvugu ambako kamba hawa hawa wameshaota mizizi. Sisi wa ziwa tulishaona gugumaji lilivyotufanya.

---

Mtu wa Raskazone

Usimwage mfuko. Nenda duka la dawa ununue mpira mpya wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kupunguza. Kamba na maji yao waweke kwenye ndoo chini, dripu ivute maji ya tangi, tone mbili au tatu kwa sekunde, kwa saa moja na nusu. Kisha uwahamishe kwa wavu, maji ya mfuko mwaga nje. Anza na 10 hadi 15. Siku mbili za kwanza watajificha, usiwalishe.

---

Mama Wawili

Jamani nimerudi, ni miezi mitatu sasa. Tangi tulilihamishia chumba cha binti, hatupulizi humo, analala kwenye chandarua. Tuliwajaribu wawili, wakakaa, tukaongeza wanane. Jike mmoja alibeba mayai kama 25 chini ya tumbo, ya njano, anayapepea kwa viguu vyake muda wote. Binti aliandika tarehe ukutani kwa penseli. Siku ya 26 mayai yakawa na vinukta vyeusi viwili viwili, macho. Siku ya 29 tumbo lilikuwa tupu.

Hatukuona kitu siku nne. Jana usiku umeme ulikatika, binti akamulika tochi kwenye jani la mkungu kutoka ubavuni. Walikuwa wamelijaa, wadogo kuliko punje ya ulezi, vimikono vinakwenda. Amehesabu hadi 17 wakahama upande wa pili wa jani.